Hodi kwa Mfalme

Mgeta,
12 Mei 2024

Kaka Hashimu,

Shikamoo. Mama amesema nianze na yeye, basi naanza na yeye: hajambo, anakula, analalamika baridi, na jana amemkimbiza kuku wa jirani kwa ufagio mpaka katikati ya karoti. Hafidha wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisoma kwa sauti darasani anapiga mluzi. Mvua zimepungua wiki hii, barabara inapitika, ndiyo maana Fransisko amekubali kushuka na barua hii kwenye lori lake la kabichi. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Mtandao naupata nikipanda mpaka juu kabisa, salio linaisha kabla sijamaliza kukusema, na mama anadai habari ya simu haikai. Barua anasomewa leo, kesho anaomba asomewe tena.

Haya, nije kwenye jambo lenyewe. Unaikumbuka sataranji ya baba, ile aliyopewa na mzee Jitu dukani mjini alikokuwa akibeba mizigo? Ile ambayo malkia mweusi alikuwa kizibo cha chupa ya mafuta ya nywele? Nimeifufua hapa shuleni. Yenyewe ililiwa na mchwa zamani, lakini nimechora ubao kwenye manila na kete tumechonga kwa vigunzi vya mahindi. Nilianza na watoto wanne, sasa wamefika ishirini na sita. Wanacheza baada ya vipindi, isipokuwa siku za kupakia mboga, maana siku hizo wazazi wanawataka wote shambani.

Kuna mmoja anaitwa Mosi, yuko darasa la tano. Huyu binti ataniua kwa maswali. Nikimwambia farasi anaruka, anauliza, "Nani kasema?" Nikimwambia askari harudi nyuma, "Nani kasema, na akirudi atafanywa nini?" Mwalimu mkuu alimwambia kengele ni saa moja na nusu, naye akamuuliza hivyohivyo, akamwagilia bustani ya shule wiki nzima. Lakini akiketi mbele ya ubao ananyamaza kimya, na akishapiga hodi ya kwanza kwa mfalme wa mwenzake, ya mwisho haichelewi.

Hodi wanaipiga vizuri, kaka, ungefurahi. Nimewafundisha vilevile ulivyonifundisha wewe: ukimtishia mfalme unapiga hodi kwa sauti, na usipopiga hodi tishio halihesabiki, mwenzako anacheza anavyotaka. Adabu tupu.

Sasa tumeletewa barua ya mashindano ya mkoa ya shule za msingi, mjini Morogoro, tarehe 20 Julai. Wameandika kwamba kila meza itakuwa na saa. Saa gani? Ya ukutani? Niambie, na kama kuna sheria iliyobadilika tangu enzi zetu niambie pia. Wewe ndiye mchezaji wa nyumba hii, unacheza na wasomi huko Mzumbe. Mimi nilikuwa wa kufungwa tu.

Mama anauliza utapanda lini. Miaka mitatu, kaka.

Mdogo wako,
Zuhura


Mzumbe,
9 Juni 2024

Mdogo wangu Zuhura,

YAH: SAA YA SATARANJI NA MENGINEYO

Marahaba. Usicheke, ukikaa masijala miaka kumi na tano mkono unaandika "Yah" wenyewe. Sisi hatujambo. Wifi yako Nasra anakusalimu sana, anasema njegere mlizotuletea zilikuwa tamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu Fransisko aliiacha barua yako kwa muuza machungwa wa njia panda, naye akaisahau chini ya machungwa kwa muda wa wiki mbili. Imefika ikinukia.

Saa ni kiboksi kimoja chenye saa mbili. Ukimaliza kucheza unabonyeza upande wako, yako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Muda ukikuishia umefungwa, hata kama una jeshi zima. Wafundishe kubonyeza kwa mkono uleule uliochezea.

Ukigusa kete lazima uicheze. Ukumbini ni kimya, hakuna kuongea na mwenzako. Mtoto akicheza hatua isiyo halali anainua mkono mwenzake, mwamuzi anakuja. Kosa la kwanza anaonywa na mwenzake anaongezewa dakika mbili. Kosa la pili, mchezo umekwisha.

Mengine uliyoyaandika nimeyasoma nikacheka peke yangu ofisini. Endeleeni hivyohivyo. Wavue masweta wakifika mjini, joto litawapumbaza.

Mwambie mama nitapanda kazi zikipungua.

Kaka yako,
Hashimu


Mgeta,
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari nzuri ya kuanzia. Mama aliteleza Jumanne kwenye kijia cha kisimani, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Hakikuvunjika, tumekwenda zahanati, ila hawezi kukanyaga, na anatoa amri nyingi zaidi kitandani kuliko alivyokuwa akitoa amesimama. Kwa hiyo mashindanoni siendi. Nimwache nani na mama?

Nimelia, sikufichi. Miezi sita nimechonga vigunzi mpaka vidole vimetoka malengelenge. Mwalimu Jastin ndiye atakayewapeleka, kijana mwema, mgeni huku kwetu, sataranji haijui hata kidogo. Wanakwenda watoto kumi. Saa tumeigiza kwa kugonga kopo: kila anayecheza anagonga kopo. Wamezoea sana mpaka Mosi anagonga meza akimaliza kula.

Mosi nusura asiende. Baba yake, mzee Ahmadi, Jumamosi hiyo anapakia karoti. Nimekwenda kwake mara tatu. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mchukue, lakini arudi na kitu cha kuonyesha." Watatu wa kwanza wanaingia timu ya mkoa, na mimi nimemuahidi mzee kwamba huyu mtoto hatoki nje ya watatu. Mdomo wangu huo.

Swali lake la wiki hii ni kwa nini mfalme anatembea hatua moja na mke wake anazunguka uwanja mzima. Nikamwambia aangalie nyumba za huku kwetu, ajionee.

Wewe uko karibu na mjini. Nenda ukawaone, wapelekee hata machungwa. Hawakujui sura, jitambulishe.

Zuhura


Mzumbe,
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Pole sana kwa mama. Namtumia dawa ya kuchua na bendeji, achuliwe asubuhi na jioni, na asishuke kisimani tena mpaka nipande nimtengenezee ngazi.

Mashindano nasikia yalifana. Watoto wa milimani nasikia walikuwa na nidhamu. Machungwa sikupata nafasi ya kuwapelekea, nilishikwa na shughuli.

Wifi yako anasalimu.

Hashimu


Mgeta,
11 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama anatembea kwa fimbo, anakushukuru kwa dawa, anaipaka mpaka goti lisilouma. Hafidha jino moja limeota.

Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti. "Nasikia, nasikia." Basi na mimi nikueleze nilichosikia.

Asubuhi watoto wangu waliingia ukumbini wakaanza kupiga hodi. Watoto kumi, kaka, kila kona hodi, hodi! Wa mjini wakacheka, mmoja akaitikia karibu. Waamuzi wakasema kimya. Wangu wakanyamaza, wakaendelea hivyohivyo bila hodi, wakafungwa saba kwa mpigo kwa sababu hawakujua tena kipi kinahesabika. Mosi peke yake alishinda michezo minne kati ya mitano, maana yeye kwa kawaida hamwachii mtu nafasi ya kumfikia mfalme wake.

Mchezo wa sita alipangwa na mtoto wa mjini anaitwa Rizwan. Akishinda anaingia timu ya mkoa. Jastin anasema hata yeye asiyejua aliona mambo ni mazuri, kete za Rizwan zimejaa pembeni kwa Mosi. Rizwan akapeleka ngome yake ikamtazama mfalme wa Mosi, kimya. Mosi akaiona. Hakusikia hodi. Akaendelea kumfukuza mfalme wa mwenzake. Rizwan akainua mkono, mwamuzi akaja, akamwonya Mosi na kumwongezea mwenzake dakika mbili.

Mosi akasema, "Hajapiga hodi."

Mwamuzi akasema, "Hakuna hodi."

Unajua alichouliza. Nani kasema? Mwamuzi akamwambia, "Ndiyo sheria. Aliyekufundisha alikosea."

Mtoto akatazama ubao, akafikiri, halafu akachukua kete ileile akaicheza palepale. Kosa la pili. Mchezo umekwisha. Akawa wa nne.

Jastin alipomuuliza njiani kwa nini alirudia, akamjibu, "Mwalimu Zuhura namjua. Yule simjui."

Tangu hapo hagusi kete. Anakuja darasani, anaandika, anaondoka. Mzee Ahmadi amesema mbele ya kikao cha wazazi kwamba mwalimu anawafundisha watoto uongo, na watoto tisa wametolewa. Nilikaa pale, uso nikauweka wapi! Mosi alinifuata baadaye akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ile sheria ya hodi nani kasema?" Nikamwambia kaka yangu. Akauliza, "Na yeye aliambiwa na nani?" Nikamwambia nitakuuliza.

Kuna mashindano mengine huko kwenu Mzumbe tarehe 9 Novemba, ya wale kumi bora, na timu ya mkoa itapangwa upya. Fomu irudi kabla ya tarehe 15 Oktoba. Amesema hajazi mpaka ajue sheria hiyo ilitoka wapi. Mimi siwezi kumlazimisha, na sitaki kumdanganya. Kwa hiyo nakuuliza wewe: uliitoa wapi? Kwa mzee Jitu? Kwa baba? Ilikuwa sheria ya zamani ikafutwa?

Na yule mwamuzi, kama unamfahamu, mwambie mtu hatukaniwi mwalimu wake mbele ya watu akiwa na miaka kumi na moja.

Zuhura


Mzumbe,
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Zuhura,

Nimefurahi kusikia mama anatembea. Huku tumeanza kupokea wanafunzi wapya, mafaili yamefika dirishani, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Kuhusu swali lako, mchezo huu ni wa zamani sana na umepita nchi nyingi. Kila mahali watu walikuwa na desturi zao, wengine walikuwa wakimwonya mwenzao mfalme akitishiwa, wengine hawakuwa. Ni vigumu kujua kila desturi ilianzia wapi. Muhimu ni watoto wafuate sheria za sasa. Nimewaandikia zote kwenye karatasi nne, zimo humu.

Fransisko atakuletea na saa ya kweli ya sataranji. Ni yangu, imetumika kidogo. Mpe Mosi aishike, labda atapata hamu.

Hashimu


Mgeta,
19 Septemba 2024

Hashimu,

Nimeshindwa kuandika kaka, nimejaribu mara mbili.

Saa imefika. Karatasi zako nne nimezisoma, na ile aya yako kuhusu nchi nyingi nimeisoma mara tatu, sikuona mahali umejibu. Lakini sasa sikuandikii hilo.

Juzi Mosi alimletea mama majani ya maboga. Mama akamkaribisha ndani, akampa chai. Mimi nilikuwa jikoni. Nikamsikia mtoto anauliza, "Bibi, huyu ni nani?" Mama akamjibu, "Mwanangu Hashimu, siku ya harusi yake." Mosi akaisogelea picha ukutani. Halafu akasema, "Huyu ndiye mwamuzi. Miwani ni ileile."

Mama alicheka, akamwambia amekosea. Mosi akasema hakosei, alimtazama kwa karibu sana wakati ule, hata kovu la kidevuni aliliona. Lile kovu ulilipata kwa jembe mbele ya macho yangu, Hashimu. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Kwa hiyo ulikuwepo. Hukushikwa na shughuli popote, ulikuwepo, na mtoto wa shule yangu alikuwa mbele yako, na kanga aliyofungia kete zake ilikuwa yangu, huwezi kusema hukuijua. Ukasema aliyekufundisha alikosea. Aliyemfundisha ni mimi. Aliyenifundisha mimi ni nani?

Umeamua sawa, sibishani. Sheria ni sheria, na karatasi zako zinasema hivyo. Ungeniandikia tu! "Zuhura, nilikuwa mwamuzi, imebidi nimtoe mtoto wako, pole." Ningelia siku moja, ikaisha. Badala yake ukaniandikia nasikia.

Wewe ndiye mjomba wa nyumba hii. Hafidha akikosea, wewe ndiye unayeitwa. Sasa wewe ukikosea nimwite nani?

Haya yote mama sijamsomea. Nimemwambia barua yangu inahusu saa. Hakuniamini, amenitazama tu akaendelea na njegere zake. Mosi naye yuko palepale, anangoja. Fomu iko kwenye droo yangu. Nijibu swali lake, mengine niachie.

Zuhura


Mzumbe,
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Zuhura,

Nimeandika barua hii jana, nikaichana. Hii ya leo nampa Fransisko mkononi mwenyewe, siiachi kwa machungwa.

Ndiyo, nilikuwepo. Mwamuzi mmoja aliugua, wakaniita asubuhi ileile. Niliingia, nikasikia hodi kila kona. Nilijua ni watoto wako kabla sijaiona kanga. Na kabla ya hapo, Zuhura, nilijua tangu Mei. Uliniandikia waziwazi kwamba unawafundisha hodi. Nilisoma mstari huo, nikacheka, halafu kicheko kikaniisha. Kukuambia kwamba hodi si sheria ilikuwa kazi ya sentensi moja. Lakini ungeniuliza imetoka wapi, kama unavyoniuliza sasa, na mimi nikaona afadhali ninyamaze, huenda isilete shida.

Imetoka kwangu. Si kwa baba, si kwa mzee Jitu. Niliitunga mimi, kwenye mkeka, nje ya jiko la mama, nikiwa darasa la tano na wewe la kwanza.

Sasa sehemu ngumu. Baba alipoisikia aliniuliza, nikamwambia niliitunga ili usilie, kwa sababu mdogo alikuwa anashtukizwa na kufungwa. Wewe ulidhani ni sheria ya mchezo, baba akadhani nilikuonea huruma. Si kweli. Wewe ndiye uliyekuwa unanifunga mimi.

Ulinifunga siku ya kwanza, nikasema bahati. Ukanifunga kesho yake mara mbili. Ulikuwa na miaka saba, umekaa na kamasi zako, unacheza haraka bila kufikiri, halafu unasema, "Kaka, mfalme wako kafa." Nilikuwa siioni inakotokea. Siku ya nne rafiki zangu walikuja kutazama. Hapo ndipo niliposema kuna sheria umesahau, lazima kupiga hodi, baba kasema. Baba hakuwa amesema kitu. Na kwa kuwa wewe ulikuwa na furaha ukiniona nimebanwa, ulisahau hodi karibu kila mara, nami nikasema haihesabiki. Ulipoanza kuikumbuka, hodi yako ikawa inanizindua, nakimbiza mfalme wangu. Tangu siku hiyo sikufungwa tena na wewe. Wiki chache baadaye ukaanza kusema mwenyewe kwamba hujui, kaka ndiye anayejua. Nilikuacha useme.

Baba alipopata nafasi ya kumpeleka mmoja wetu kwa mzee Jitu siku za likizo, akacheze na wanawe, alinipeleka mimi. Huko ndiko nilikojifunza. Kila mara ukiandika "wewe ndiye mchezaji wa nyumba hii" naisoma haraka nipite.

Nilipomwambia yule mtoto aliyekufundisha alikosea, nilikuwa najisema mimi. Nilitaka kumalizia, nikashindwa, watu walikuwa wanatazama. Alipoirudia ile hatua, Zuhura, alinitazama usoni kwanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama tu aone nitafanya nini. Nimeota macho yale.

Msomee Mosi barua hii yote. Mzee Ahmadi pia, na kikao cha wazazi wakitaka, nitakuja kusimama mbele yao nirudie kwa mdomo wangu. Na mama msomee, usiruke aya hata moja.

Sijapanda huko miaka mitatu, na si kwa sababu ya kazi. Mara ya mwisho nilipokuja uliniambia unatamani kuifufua sataranji ya baba, unataka nikufundishe upya. Nilishuka kesho yake alfajiri.

Nisamehe.

Hashimu


Mgeta,
6 Oktoba 2024

Kaka Hashimu,

Shikamoo. Unaona nimeweza kuandika kaka.

Mama hajambo, fimbo ameitupa. Hafidha meno yote yameota, mluzi umekwisha, darasa limesikitika.

Barua yako nilianza kumsomea mama barazani. Nilipofika kwenye mkeka nikaiweka karatasi magotini. Mama, huku anamenya njegere zake, akasema, "Endelea. Anataka kusema wewe ndiye uliyekuwa unamfunga." Nikamuuliza, mama, ulijua? Akasema alikuwa jikoni, alisikia kila siku, mara ya kwanza na ya nne, na alisikia na hodi ilipoanza. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akasema alingoja mmoja wetu aulize. Miaka thelathini na moja, jamani! Nilimkasirikia mpaka nikaenda kutembea shambani peke yangu. Niliporudi alikuwa amenibakishia chai, akasema, "Ulikuwa unacheza vizuri sana, Zuhura." Basi hapo nikalia kweli.

Na wewe nimekukasirikia, usidhani. Siku mbili nilikuwa nikifua nguo nakupiga humo humo kwenye beseni. Nimejiuliza ningekuwa nani kama ningepelekwa mimi kwa mzee Jitu. Nimeuliza sana swali hilo wiki hii. Silijibu leo.

Mosi nilimsomea shuleni, chini ya dirisha, yeye na mimi tu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu akasema, "Kumbe mimi sikukosea kumwamini mwalimu. Mwalimu ndiye aliyekosea kumwamini kaka yake." Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nawe ulionywa kwanza au ni kosa la pili. Nikamwambia kwa hesabu zangu ni la pili: la kwanza lile la kwenye mkeka, la pili lile la ukumbini. Akasema basi umefungwa.

Halafu akaomba kalamu, akajaza fomu. Iko na Fransisko pamoja na barua hii, ukiona lori msimamishe uichukue mwenyewe, uipeleke inakohusika kabla ya tarehe 15. Mzee Ahmadi ametia sahihi baada ya kunisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kwanza, samahani kukuambia, alicheka mpaka akakalia tenga la karoti. Watoto saba wamerudi. Wa darasa la kwanza nimewaachia hodi yao mpaka shule zifungwe, wakubwa tumeifuta.

Sasa nisikilize. Jumamosi ya tarehe 19 unapanda. Ngazi ya kisimani utaitengeneza asubuhi, mama ameshatafuta mbao. Baada ya adhuhuri utaketi barazani na mimi, palepale, mkeka mwingine lakini mahali ni palepale. Saa yako tunayo, nimejifunza kuibonyeza. Kete ni za vigunzi, utazizoea. Mama atakaa mlangoni na njegere zake. Mosi ndiye mwamuzi, na amesema mapema kwamba ukigusa unacheza, kwamba hapokei machungwa kabla ya mchezo, na kwamba ukibisha atakuuliza nani kasema.

Ukifika, piga hodi mlangoni kama watu wote, tutakuitikia karibu na chai utakunywa. Ipige ya kutosha hapo mlangoni. Tukishaketi, mimi sipigi.

Mdogo wako,
Zuhura